Tumbo la Mkimbiaji na Chakula cha Mto Tana
Mhadhara kwa wakazi wa Ngao, Tana Delta



Mwaka 2015 huko Boston, Marekani, wakimbiaji 15 wa marathoni walikubali jambo ambalo wengi wetu tungelionea haya. Kwa muda wa wiki moja kabla ya mbio na wiki moja baada yake, walitoa kinyesi chao siku baada ya siku kipelekwe maabara. Watu wengine 10 wasiofanya mazoezi walitoa chao pia, ili walinganishwe nao. Watafiti, miongoni mwao Jonathan Scheiman na Aleksandar Kostic, walitaka kujua ni bakteria gani wanaoishi katika utumbo wa mtu anayekimbia kilomita 42, na kama mbio zenyewe huwabadilisha.

Jibu lilichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Medicine. Mbio zilipokwisha, bakteria wa jamii ya Veillonella waliongezeka katika wakimbiaji. Na bakteria huyu ana chakula chake maalumu, nacho ni laktati. Msuli ukifanya kazi kwa nguvu huivunja sukari upesi, na laktati humwagika damuni. Miaka mingi walimu wa michezo walitufundisha kwamba laktati ni taka inayochosha miguu. Sivyo. Moyo huitumia kama chakula, na ini huirudisha ikawa sukari tena, kazi iliyofafanuliwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Watafiti wa Boston walionyesha kwa panya kwamba sehemu ya laktati hupenya kutoka damuni hadi ndani ya utumbo. Huko Veillonella huila, kisha hutoa propionati, asidi fupi ya mafuta ambayo mwili huifyonza. Panya waliolishwa Veillonella aliyetoka kwa mkimbiaji mmoja walikimbia juu ya mkanda kwa muda uliozidi wa wenzao kwa asilimia 13 hivi. Hata propionati peke yake, ilipotiwa kwa njia ya haja kubwa, ilileta matokeo ya namna hiyo.

Kazi hiyo naiheshimu. Waliuliza swali, wakapata dalili, wakaijaribu, wakatafuta na sababu yake. Lakini ni watu 15 tu, na panya si Caroline Rotich. Namtaja kwa makusudi, maana ndiye Mkenya aliyeshinda mbio za wanawake Boston mwaka huo huo wa 2015, na upande wa wanaume aliyeshinda ni Lelisa Desisa wa Ethiopia. Utafiti haukutafuta siri ya mabingwa hao wawili. Hata hivyo, uliyozaa yamekwisha kufika sokoni: Scheiman alianzisha kampuni iitwayo FitBiomics, na leo Veillonella anauzwa katika vidonge.

Nimekuja Ngao kusema jambo moja. Elimu ya bakteria wa wanariadha imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya matumbo ya watu wa Ulaya na Marekani, na kwa sababu hiyo iko katika hatari ya kuchukua alama ya chakula cha mkulima na kuiita alama ya bingwa. Mahali pa kulinyosha kosa hilo ni huku kwetu, na ukanda huu wa Mto Tana una sababu zake za kuwa mbele.

Nianze na yale tunayoyajua kuhusu chakula cha wakimbiaji wetu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Vincent Onywera na Mike Boit wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakishirikiana na Yannis Pitsiladis na wenzao. Boit ndiye yule aliyetuletea shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, kisha akawa profesa. Waliwafuata wakimbiaji 10 wa ngazi ya juu kwa siku saba, wakipima kwa mizani kila kilichoingia vinywani mwao. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao yote, asilimia 76.5, ilitokana na wanga. Protini ilikuwa asilimia 10 hivi na mafuta 13. Sukari peke yake ilitoa karibu sehemu moja kati ya tano. Mnaijua chai yetu, ile ya maziwa iliyokolezwa sukari. Wakimbiaji hawa waliinywa kwa wingi. Hapakuwa na maajabu mezani: ugali, mboga za majani, maharage, wali, mkate, maziwa, nyama kidogo. Kwa siku walikula kama kilokalori 2,990 na kutumia kama 3,600. Yaani watu wanaokaribia kushindana na dunia nzima walikuwa wakila pungufu ya wanachochoma.

Hesabu hizo zinahesabu kinachoingia kinywani. Haziwezi kutuambia bakteria hufanya nini na kile kinachofika chini, na kwa chakula cha namna hii kinachofika chini si kidogo. Ukila sima, kunde au ndizi za kupika, wanga mwingi humalizwa katika utumbo mwembamba na kuingia damuni kama sukari. Lakini makapi, nyuzi za mboga na ule wanga mgumu ambao vimeng'enya vyetu haviuwezi huteremka hadi utumbo mpana. Huko ndiko wanakoishi bakteria wetu wengi. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 na Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, mwili wa mtu mzima wa kawaida hubeba bakteria trilioni 38 hivi, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30, na uzito wao wote ni kama gramu 200. Yale madai ya kwamba wanatuzidi mara kumi hayana msingi, ingawa bado yamo vitabuni.

Bakteria hawa huchachusha makapi yale na kutoa asidi tatu fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati hulisha ukuta wa utumbo wenyewe. Propionati huenda kwenye ini, ambako inaweza kugeuzwa kuwa sukari. Asetati huendelea hadi kwenye misuli. Kwa mtu anayekimbia kilomita 30 asubuhi, hilo si jambo dogo, kwa kuwa akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini ni kama gramu 500 tu, na mbio ndefu huimaliza.

Ukuta wa utumbo nao unahitaji kulishwa. Mtu akikimbia kwa nguvu kwenye joto, damu hukimbilia misuli na ngozi, na utumbo hubaki na njaa ya hewa. Ukuta wake hulegea, na vitu visivyostahili huvuja kuingia damuni. Kichefuchefu na kuharisha katikati ya mbio, ambako kila kocha anakujua, mara nyingi huanzia hapo. Kwa kijana anayefanya mazoezi Garsen saa tisa za mchana katika jua la Februari, habari hii ina uzito kuliko kwa yule wa Dublin.

Dublin nimeitaja kwa kuwa Waayalandi walitangulia. Mwaka 2014 walichapisha katika jarida la Gut uchunguzi wa wachezaji 40 wa raga wa kulipwa. Bakteria wa wachezaji hao walikuwa wa aina nyingi kuliko wa watu wa kawaida waliolinganishwa nao, na wingi wa aina huhesabiwa kuwa dalili njema. Lakini wachezaji hao pia walikula protini nyingi kupita wenzao, na hata matunda na mboga walikula zaidi. Basi kilichozidisha aina za bakteria ni raga au ni sahani? Waandishi wenyewe walikiri kwamba vyote viwili vina mkono.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, kundi la Lauren Petersen huko Marekani liliwachunguza waendesha baiskeli 33, wa kulipwa na wa ridhaa. Waliokuwa na bakteria wengi wa jamii ya Prevotella walikuwa wale wanaofanya mazoezi saa nyingi kwa wiki. Habari ilienea haraka: Prevotella ni bakteria wa wanariadha.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2010 Carlotta De Filippo na wenzake walikuwa wameshalinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na watoto wa Florence, Italia. Watoto wa kijijini, waliolelewa kwa mtama, uwele, kunde na mboga, walijaa Prevotella. Wale wa Florence walikuwa nao wachache. Mwaka 2014 Stephanie Schnorr na wenzake wakawachunguza Wahadza 27 wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wakawalinganisha na Waitaliano 16. Wahadza, wanaoishi kwa mizizi, asali, ubuyu, matunda ya porini na nyama ya kuwinda, walikuwa na Prevotella, walikuwa na bakteria wengine waitwao Treponema, na aina zao zilizidi sana za wenzao wa Bologna. Hakuna mtoto wa Burkina Faso aliyekuwa akijiandaa kwa Tour de France. Walikula tu kama babu zao walivyokula.

Basi mkinionyesha mwendesha baiskeli wa Marekani mwenye Prevotella, siwezi kuapa kwamba ameipata kwa kukanyaga pedali. Huenda anakula makapi mengi kuliko jirani zake. Huenda ni yote mawili. Ili kutenganisha mambo hayo unahitaji watu wasiofanya riadha ambao chakula chao tayari kina makapi tele, na pembeni yao wanariadha wanaokula kutoka chungu kile kile. Katika miji mingi ya Ulaya watu hao ni adimu. Hapa Ngao wamejaa ukumbi huu.

Msidhani nasema mazoezi hayana kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua watu 32 waliozoea kukaa, wakawafanyisha mazoezi kwa wiki sita bila kuwabadilishia chakula. Bakteria wanaotengeneza butirati waliongezeka, hasa kwa watu wembamba. Mazoezi yalipoachwa wiki sita nyingine, faida ile iliyeyuka. Kwa hiyo mguu nao hulima shamba la tumboni. Swali ni kiasi gani kwa mtu ambaye shamba lake lilikwisha kuwa na rutuba, na hilo bado halijajibiwa.

Na si mara ya kwanza kwa watu wa Afrika Mashariki kuilazimisha elimu ya nguvu mwilini ijirekebishe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza 30. Kila aliyewaona wakitembea kutwa nzima kuchimba mizizi na kufuata wanyama alikuwa na hakika kwamba wanachoma nguvu nyingi kuliko karani wa New York. Ilipozingatiwa ukubwa wa mwili, ikaonekana matumizi yao ya siku nzima yanalingana na ya watu wa Magharibi. Mwili unaojituma hupunguza matumizi mahali pengine. Vitabu vya unene na lishe vimelazimika kulijadili hilo tangu siku ile. Kama wasingeenda Eyasi, wasingelijua.

Turudi pwani yetu. Kule Kwale, watafiti wa Uswisi na Kenya waliwafuatilia watoto wachanga wa miezi sita waliolishwa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubisho. Wengine walipata unga wenye madini ya chuma, wengine usio na chuma. Lengo lilikuwa jema, kupambana na upungufu wa damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba chuma kiliwaongeza bakteria wabaya tumboni mwa watoto, wakiwamo E. koli waletao maradhi, na kuwasha utumbo. Haikuwa sababu ya kuacha chuma: utafiti uliofuata huko huko, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kuongeza aina ya sukari inayowalisha bakteria wema kulipunguza madhara hayo. Nalileta hapa kwa sababu wanariadha wetu wengi, hasa wasichana, humeza vidonge vya chuma. Kinachofaa kwa damu kinaweza kumkera aliye utumboni, na ushahidi wa hilo umetoka kwa watoto wa pwani yetu yenyewe.

Nimesema ukanda wa Tana una sababu zake. Tazameni sahani zenu. Mpokomo wa Ngao hupanda mpunga mafuriko yanapolowesha bonde, hupanda migomba na mahindi, huchuma maembe, huvua kambare. Muorma jirani yake ameishi kwa ng'ombe, na maziwa, mabichi na ya mgando, ndiyo nguzo ya chakula chake. Wote hunywa maji ya mto mmoja, hupigwa na joto moja, huumwa na mbu wale wale, huuguzwa katika hospitali moja. Sokoni Garsen ndizi huenda huku na maziwa huenda kule, kwa hiyo mpaka wenyewe una matundu, na hilo nalo ni la kupimwa. Mtafiti akitaka kujua chakula hufanya nini na ardhi hufanya nini, ni mahali pachache duniani atakapozikuta jamii mbili zenye mapishi tofauti kiasi hiki zikiwa karibu kiasi hiki.

Chukueni ndizi mbichi ya kupika. Wanga wake mwingi ni ule mgumu ninaoueleza. Moto huulainisha, lakini ikipoa sehemu yake hurudi kuwa ngumu. Wali na sima vivyo hivyo: kiporo kina chakula cha bakteria zaidi ya kile kilichotoka jikoni sasa hivi. (Kiporo cha wali kifunikwe na kiwekwe mahali pa baridi, tafadhalini. Wali uliolala katika joto letu hufuga bakteria wa sumu, na anayeharisha hana mbio.) Maziwa ya mgando nayo huja na bakteria wake. Uchunguzi wa maziwa ya Wamaasai umewakuta humo laktobasili wa aina kadhaa, na Wakalenjini wana mursik, ambayo bingwa akirejea nyumbani hukaribishwa kwayo uwanja wa ndege. Wakimbiaji wetu wamekuwa wakilisha bakteria wao tangu utotoni bila kidonge.

Nani basi atakuja kuchunguza, na kwa masharti ya nani? Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa Kenya imekwisha kuchukuliwa bakteria. Mwaka 1992 mtaalamu kutoka Uingereza, William Grant, alikusanya vijidudu katika maji ya moto na magadi ya Ziwa Bogoria. Vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vile vilikuja kutumiwa na kampuni ya Marekani, Genencor, katika biashara ya sabuni na ya kuchakaza jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai fungu la nchi. Mabishano yalikuwa marefu juu ya vibali na nani alikubali nini. Kilichofuata kina manufaa kwetu: mwaka 2007 shirika hilo hilo lilitia saini mkataba na kampuni ya Denmark, Novozymes, unaotaja malipo na mafunzo kwa Wakenya. Kisha ikaja Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka nchi yenye mali ya viumbe igawiwe faida yake.

Kijidudu cha ziwani na kijidudu cha tumboni mwa mtu havilingani mbele ya sheria, kwa sababu cha tumboni kina mwenyewe aliye hai, mwenye jina na heshima yake. Ndiyo maana nasema haki ya mtoa kinyesi iwe kubwa zaidi, isiwe ndogo. Kama bakteria wa mkimbiaji mmoja wa Boston anaweza kuwa bidhaa dukani, bakteria wa kijana anayekimbia Kaptagat au wa Ngao anaweza kuwa hivyo kesho.

Mambo yameanza kwenda vizuri. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa bakteria wa utumbo wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, uliofanywa kwa ushirika wa wanasayansi wa Kiafrika, na matokeo yakarudishwa kwa jamii zilizoshiriki. Ukawafunua bakteria wengi ambao sayansi haikuwajua. Kwa Kenya, sampuli zilitoka Nairobi, mitaa ya Korogocho na Viwandani. Mto haukufikiwa.

Utafiti wa kwetu ukija, kuna mambo ambayo mgeni hatayajua asipoambiwa, na nyinyi ndio wa kumwambia. Sampuli zisichukuliwe msimu mmoja tu. Kwa Wahadza, kazi iliyochapishwa na Samuel Smits na wenzake mwaka 2017 ilionyesha kwamba kuna bakteria wanaofifia masika na kurejea kiangazi, na hapa kwetu mafuriko hubadilisha chungu chote. Mwezi wa Ramadhani uandikwe, maana saa za kula zinageuka. Kichocho na minyoo vipimwe kwanza, vitibiwe, na matibabu yaandikwe, kwani vimelea na dawa zake huwavuruga bakteria. Kila mshiriki aulizwe alinunua antibiotiki gani dukani miezi iliyopita, na aulizwe na mtu anayeongea lugha yake, Kipokomo au Kiorma, si kwa fomu ya Kiingereza. Wasichana wanaokimbia shuleni wawemo kwa idadi sawa na wavulana, kwani tafiti nyingi za wanariadha zimejaa wanaume. Na wasiokimbia wawemo pia, ndugu wa wakimbiaji, wale wanaokula nao sahani moja.

Kuhusu pa kuziweka sampuli, jibu lipo karibu. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, kina majokofu ya baridi kali na wataalamu wa kusoma vinasaba. Sampuli iliyotolewa Ngao asubuhi inaweza kuwa Kilifi siku hiyo hiyo kwa barabara ya Garsen na Malindi. Nusu ya kila sampuli ibaki humo nchini, chini ya kibali kinachotaja majina ya vijiji vilivyoitoa na fungu lao endapo chochote kitauzwa, na wazee wa pande zote mbili za mto wakisome kibali hicho kabla ya kikopo cha kwanza kugawiwa.